Alfajiri Kwanza, Kasi Baadaye

Hotuba kwa wakimbiaji wa alfajiri wa Mwanza, wiki moja baada ya mbio za Kilimanjaro Marathon kule Moshi. Naiweka hapa yote kwa ajili ya wenzetu waliokuwa safarini, kazini au wagonjwa.

Ndugu zangu, mwangaluka!

Mmeitikia vizuri. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Mama zangu na dada zangu, vijana wa Igoma na Buhongwa mliopanda daladala ya kwanza, karibuni sana. Nawaona na wenzetu wa Sengerema. Zamani saa hizi mngekuwa bado mnasubiri kivuko pale Busisi, leo daraja limewaleta mapema kuliko wa Nyegezi.

Jumapili iliyopita wakati kama huu mlikuwa barabarani Moshi. Mmekimbia kilomita 42 na mita 195, mkapanda basi, mkapita Arusha, Babati, Singida na Shinyanga, mkafika nyumbani mmevimba miguu na medali shingoni. Pongezi mmeshazipata, na mlistahili. Leo sikuwaita kwa pongezi. Nimewaita kwa sababu kesho ni Jumatatu.

Nani kati yenu ameshatega alamu ya saa kumi na moja kwa ajili ya kesho? Inueni mikono, hakuna anayegombezwa hapa. Haya, nimeiona. Na nani ameshasema moyoni kwamba viatu sasa ni vya mwakani? Mikono michache, lakini najua mko wengi kuliko hiyo.

Kila mwaka baada ya marathoni nawaona watu wa aina mbili. Wa kwanza anarudi barabarani na kasi yake yote kabla wiki haijaisha. Wa pili anasukuma viatu chini ya kitanda, na ukikutana naye Agosti anakuambia ataanza wiki ijayo. Nawapenda wote wawili, na wote wawili nawapoteza. Maneno niliyowaletea leo ni manne tu: alfajiri kwanza, kasi baadaye. Ukisahau mengine yote, ondoka na hayo manne.

Tuanze na miguu. Nani wiki hii ameshuka ngazi kinyumenyume, ameshika ukuta? Naam. Mnajua kwa nini kushuka kunauma kuliko kupanda? Ile njia ya Moshi inakupeleka juu kuelekea Mweka, kisha inakurudisha chini. Wakati wa kupanda mlihema, mkadhani pale ndipo mwili ulipoumizwa. Mwili uliumizwa wakati wa kushuka. Mtu anaposhuka, misuli ya mbele ya paja inakaza huku inavutwa, ili kumzuia asianguke mbele. Kukaza na kuvutwa kwa wakati mmoja, maelfu ya hatua, ndiko kunakochana nyuzi ndogo za misuli ambazo jicho haliwezi kuziona. Maumivu yake huja kwa nguvu siku ya pili na ya tatu, halafu yanapungua.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo watu wanapopotea. Maumivu huisha kabla ya misuli kupona. Narudia: maumivu huisha kabla ya misuli kupona! Mtu anaamka siku ya tano, anapanda ngazi bila kusikia kitu, anasema yuko fiti. Lakini ukimpima damu utakuta kimeng'enya kinachoitwa kreatini kinase, ambacho huvuja kutoka kwenye misuli iliyoumia, na baada ya marathoni kinaweza kubaki juu kwa wiki nzima au zaidi. Ile akiba ya wanga mwilini, glikojeni, ambayo ilikwisha mkaanza kuona giza huko mbele ya kilomita ya 30, kwa kawaida hurudi ndani ya siku moja au mbili ukila vizuri. Misuli iliyochanika huirudisha polepole zaidi ya hapo. Kano ndizo zinazochelewa kupita misuli, kwa sababu zinapata damu kidogo. Mifupa nayo ina kalenda yake, na haijali kwamba wewe unasikia vizuri.

Kuna kijana mmoja, fundi wa magari, kijana wa nguvu kwelikweli. Alirudi kutoka marathoni na muda mzuri ambao kila mtu alikuwa akiutaja. Siku ya nne yuko Isamilo anapanda na kushuka mlima. Nikamwambia, mwanangu, ngoja. Akasema, kocha, mwili uko sawa. Wiki ya pili akaanza kusikia maumivu kwenye mfupa wa ugoko, mahali pamoja tu, mahali unapoweza kupafunika kwa ncha ya kidole. Akaenda duka la dawa, akanunua vidonge vya kutuliza maumivu, akaendelea. Wiki ya tatu anachechemea kwenda gereji. Alipopigwa picha ikaonekana mfupa umepata ufa. Msimu ukaisha, na kazi nayo ikasimama, maana ufundi wa magari ni kazi ya kusimama na kuchuchumaa kutwa.

Kwa hiyo jifunzeni kutofautisha. Maumivu ya misuli yaliyotandaa, ya miguu yote miwili, yanayolegea ukishachangamka, hayo ni mabaki ya Moshi na yatakwisha. Maumivu ya mfupa, ya mahali pamoja, ya mguu mmoja, yanayoongezeka kadiri unavyokimbia au yanayokuamsha usiku, hayo simama. Usiyatafutie dawa ya kuyanyamazisha, yatafutie daktari. Vilevile shavu la mguu mmoja likivimba peke yake, likawa la moto na kuuma, hasa ninyi mliokaa kwenye basi kutwa nzima, nendeni hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu damu inaweza kuganda ndani ya mshipa.

Na hizi dawa za maumivu, diklofenaki na ibuprofeni, mnazozila kama karanga, ziacheni. Mtu aliyetoka kupoteza maji mengi figo zake tayari zimebanwa, na dawa hizo zinazibana zaidi. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi baada ya mbio ndefu, hilo si jambo la kusubiri mpaka kesho. Misuli inapoharibika sana humwaga vitu ndani ya damu vinavyoweza kuziua figo.

Najua mnachowaza. Mnasema, kocha, sisi ni Watanzania, sisi ni watu wa John Stephen Akhwari. Sawa, tumtaje, maana huwezi kukusanya wakimbiaji wa Tanzania bila kumtaja. Mwaka 1968, Olimpiki ya jiji la Mexico. Akhwari, mtoto wa Mbulu, anaanguka njiani, goti linaumia vibaya. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, ameshamaliza zaidi ya saa moja iliyopita, watu wanatoka uwanjani, giza limeingia, na Akhwari anaingia akichechemea, goti limefungwa bendeji. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, akajibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote kule kuanza mbio, ilimtuma azimalize.

Nikisimulia hii mwili wangu husisimka, na nadhani utasisimka mpaka nife. Lakini niwaulize swali. Akhwari aliyavumilia yale maumivu wapi? Aliyavumilia katika mbio zenyewe, siku ambayo taifa lilimtuma. Wewe nani amekutuma kuvumilia maumivu ya goti Jumanne alfajiri, Capri Point, ukiwa peke yako? Taifa halijakutuma. Na sehemu ya hadithi ambayo hatuisimulii sana ni hii: mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, Akhwari alikimbia tena marathoni akawa wa tano, kwa saa 2 na dakika 15. Yule mtu wa goti lililofungwa! Ili afike Edinburgh ilibidi goti lipone kwanza. Natamani watoto wetu shuleni wasimuliwe na Edinburgh, wasiishie Mexico.

Sasa tupumzike kwa muda gani? Kuna kanuni moja wakimbiaji wa dunia nzima wanaitaja, na inatoka kwa mtu wa New Zealand anayeitwa Jack Foster. Bwana huyu alianza kukimbia akiwa ameshapita miaka 30, ana mke na watoto. Mwaka 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, akapata medali ya fedha ya marathoni akiwa na miaka 41. Mnaikumbuka Christchurch? Wazee wangu mnaikumbuka. Ndipo Filbert Bayi wetu alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500, dakika 3 sekunde 32 na nukta mbili, akiongoza tangu mlio wa bastola. Michezo ileile. Sisi tunamkumbuka Bayi, na ni haki yetu, lakini kwa habari ya leo mkumbukeni na Foster. Alisema kila maili moja uliyoshindana, jipe siku moja kabla ya kushindana tena au kujibana kwa nguvu. Marathoni ni maili 26. Kwa hiyo siku 26. Wiki nne kasoro kidogo.

Si kwamba siku 26 ulale. Ni siku 26 bila kujibana. Vijana husikia nusu ya kwanza, wazee husikia nusu ya pili, kwa hiyo naomba wote mzisikie nusu zote mbili.

Mtu mwingine ataniambia mapumziko ni uvivu. Huyo nampeleka Mwaloni, Kirumba. Mnawajua wavuvi wa dagaa. Wanaingia ziwani usiku, wanawasha taa, dagaa wanaifuata taa, wanavuliwa. Mwezi unapokuwa mpevu na mbalamwezi imetanda juu ya ziwa, taa haivuti kitu. Wavuvi wanafanya nini? Wanavuta mitumbwi nchi kavu. Wanashona nyavu, wanaziba matundu, wanarekebisha taa, wanalala. Je, kuna mtu Mwanza hii anayemwita mvuvi wa dagaa mvivu kwa sababu ya siku za mbalamwezi? Hakuna. Kila mtu anajua hizo ni siku za kazi, kazi ya nchi kavu. Na yule atakayekaidi akaingia na nyavu zilizotoboka, giza litakaporudi yeye ndiye atakayekuwa nchi kavu anashona wakati wenzake wanavua. Ndugu zangu, ninyi mko kwenye mbalamwezi. Shoneni nyavu.

Sasa njooni kwenye alfajiri yenyewe, maana hapa ndipo nina neno kubwa.

Kuna mama mmoja miongoni mwenu, yumo humu ndani na hataki nimtaje, nami sitamtaja. Anauza samaki. Siku zake zinaanza mapema kuliko za wengi wetu. Baada ya marathoni yake ya kwanza nilimwona kila alfajiri barabarani, amevaa viatu vyake, anatembea. Kutembea tu! Dakika 20, anarudi nyumbani. Wiki ya kwanza hivyo. Vijana wakampita wanakimbia, wanamwambia mama vipi, umechoka? Anacheka, anaendelea kutembea. Nikamuuliza kwa nini hukulala tu nyumbani. Akaniambia kwamba akiiacha saa yake, nyumba itaichukua.

Mmemsikia mama huyo? Akiiacha saa yake, nyumba itaichukua. Wiki moja usipoamka, kuna mtu atakuomba umwandalie mtoto wa shule saa ile. Wiki ya pili kuna maji ya kuchota saa ile. Wiki ya tatu saa ile si yako tena, na kuirudisha utagombana na watu. Misuli ikipumzika mwezi mzima, uwezo wake unarudi kwa wiki chache. Saa iliyochukuliwa na nyumba, au na usingizi, au na simu, hiyo wengine hawaipati tena maisha yao yote. Ndiyo maana nasema alfajiri kwanza, kasi baadaye. Linda saa. Kasi itakukuta hapohapo.

Lakini, na naomba lakini hii muisikie vizuri, alfajiri inaanza usiku wa jana. Hauwezi kulala saa sita kwa sababu ya mpira halafu ukaamka saa kumi na moja ukasema unajenga mwili. Mwili unajikarabati ukiwa usingizini, na wiki hizi una ukarabati mwingi. Kama siku fulani hukulala vizuri, siku hiyo endelea kulala, nakupa ruhusa mbele ya mashahidi wote hawa. Saa tatu usiku, simu iwe mbali na mto. Na ukiamka, kabla hujainuka, jipime mapigo ya moyo dakika nzima, vidole viwili shingoni. Jijue mapigo yako ya kawaida. Asubuhi ukikuta yamezidi kwa kumi hivi bila sababu, hiyo ni siku ya kutembea au ya kulala.

Jambo jingine la hapa kwetu. Jua la Mwanza huchelewa. Tuko magharibi ya Dar es Salaam, saa yetu ni moja, lakini jua linatufikia kama dakika 25 baada yao. Mwezi huu wa Machi linachomoza saa moja kasoro dakika kumi hivi. Maana yake ukitoka saa kumi na moja una saa nzima na zaidi ya giza totoro. Mguu uliochoka hauinuki vizuri, na barabara zetu mnazijua: mifuniko ya mitaro imeibiwa, mawe yamejitokeza, bodaboda haina taa, mbwa amefunguliwa. Mguu mchovu gizani, hapo ndipo vifundo vinapoteguka. Na uzuri wa wiki hizi ni kwamba mnakimbia kidogo. Mtu wa dakika 25 ana haja gani ya kutoka saa kumi na moja? Toka saa kumi na mbili na robo, mwanga unakaribia, unamaliza mapema na kazini unawahi. Zile dakika zilizobaki zilale.

Na msianze kukimbia mlangoni. Saa zile viungo vimekakamaa, joto la mwili liko chini. Wengi wenu baada ya mbio mtasikia hatua za kwanza kutoka kitandani zinachoma chini ya kisigino, au kano ya nyuma ya kisigino imekaza. Tembeeni dakika kumi kamili kabla ya hatua ya kwanza ya kukimbia. Kama baada ya dakika kumi kisigino bado kinachoma, geuza, rudi nyumbani, umemaliza mazoezi ya siku hiyo.

Mtaniuliza mpango. Wiki iliyokwisha jana hamkutakiwa kukimbia, na wale waliokimbia nimewaona, sitawataja. Wiki inayoanza kesho, kimbieni siku tatu tu, moja ndiyo moja hapana, dakika 20 mpaka 30, na ndani yake mchanganye kutembea na kukimbia bila aibu. Barabara za tambarare kando ya ziwa, au ndani ya uwanja wa Nyamagana mkiruhusiwa. Mlima wa Bugando uacheni, Isamilo uacheni, kwa sababu kila unachopanda Mwanza hii lazima ukishuke, na nimeshawaeleza kushuka kunafanya nini. Wiki ya baadaye siku nne, dakika 30 mpaka 40. Wiki ya nne mnakaribia nusu au zaidi kidogo ya kilomita zenu za kawaida, bado kwa utulivu. Saa za mkononi na programu za kupima kasi, zivueni kwa sasa. Kipimo chenu ni hiki: ukikutana na mama anayekwenda sokoni, umsalimie, akuitikie, umuulize habari za nyumbani na za watoto, na uyamalize maneno yote bila kukatika pumzi. Ukikatika, unakwenda mbio mno. Tena ni adabu. Siku hizi mnawapita watu wazima kwenye barabara bila salamu kwa sababu mmeweka vitu masikioni, na hilo silipendi hata kidogo.

Kuhusu ziwa nitasema kwa ukali. Naona vijana wakimaliza kukimbia wanaingia majini kulowesha miguu, wanasema ni kama barafu ya wanariadha wa Ulaya. Ndugu zangu, lile ziwa ni letu na tunalipenda, lakini kichocho kimo. Vijidudu vyake vinatoka kwa konokono wa majini, vinapenya ngozi bila wewe kusikia chochote, vinakwenda kukaa ndani miaka mingi vikiharibu ini na utumbo. Sitaji mamba na viboko, hao mnawaogopa tayari. Mnataka maji baridi? Chukua ndoo ya maji ya bomba, kaa uani, weka miguu. Na kama umeshaingia ziwani mara nyingi, nenda kapime choo. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, na inaponya.

Linaloendana na hilo ni malaria. Tuko Kanda ya Ziwa, na mvua za masika ndizo hizi. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alirudi kutoka mbio, kama siku kumi baadaye akawa hoi: mwili mzito, viungo vinauma, kichwa kinagonga. Kila aliyemwona akamwambia, ni marathoni hiyo, pumzika. Akapumzika. Usiku wa tatu akaanza kutetemeka, na kipimo kikaonyesha malaria. Uchovu wa mbio hupungua siku hadi siku. Ukiona uchovu unaongezeka baada ya wiki, au una homa yoyote, kipimo cha haraka ni tone la damu kutoka kidoleni na majibu ndani ya dakika chache. Kapime.

Mvua nayo. Dhoruba za ziwa letu hupenda usiku na alfajiri. Ukiona radi inamulika upande wa ziwa, usikimbie ufukweni wala kwenye yale mawe makubwa. Siku hiyo fanya mazoezi ya kunyoosha viungo ndani. Mvua tupu bila radi haina shida, mradi ukirudi ubadilishe nguo mara moja.

Chakula sitakizungumzia kirefu, maana hapa hatuna njaa ya kufundishwa. Mna sato, mna dagaa, mna maharage na maziwa mgando, misuli inataka hivyo ijijenge. Mna michembe na matobolwa, viazi vitamu alivyokausha bibi, na sioni kwa nini mtu wa Usukuma anunue mikate ya kwenye mifuko ya plastiki wakati ana kapu la michembe nyumbani. Kuleni, wala msijinyime kwa kuogopa kunenepa wiki hizi. Mwili unaojenga unakula.

Nimalizie na jambo ambalo wengi mnaona aibu kulisema. Tangu Jumatano wapo watu wanaonipigia simu na hawana maumivu popote. Wanasema tu, kocha, sijisikii. Miezi mitano alikuwa na kitu cha kuamkia, sasa kimepita. Medali imening'inizwa ukutani, watoto wamezoea, kazini hakuna anayeuliza tena. Unakaa unajisikia mtupu, unakasirika bila sababu. Ndugu zangu, hali hiyo ni ya kawaida baada ya jambo kubwa, inawapata hata mabingwa, na haina maana kwamba hupendi kukimbia. Tatizo ni dawa ambayo watu wanaichagua. Wanakwenda kujiandikisha mbio nyingine ya mwezi ujao. Nawaombeni, msilipie mbio yoyote ndani ya wiki hizi nne. Njooni mtembee nasi. Ukitembea na mwenzako alfajiri ukamweleza kwamba hujisikii, umeshaanza kurudi. Na kama wiki zinapita na giza halitoki moyoni, zungumza na mtu wa afya kama unavyozungumza naye kuhusu goti.

Mwangalieni Alphonce Simbu. Aprili 2025 alikuwa wa pili Boston. Septemba 15 mwaka huohuo, Tokyo, alikuwa bingwa wa dunia, baada ya kilomita 42 akamshinda Mjerumani Amanal Petros kwa kifua, muda mmoja wa saa 2:09:48, mpaka picha ikaamua. Mtanzania! Kati ya Boston na Tokyo ni karibu miezi mitano. Yule ni mwanajeshi, kazi yake ni kukimbia, na marathoni zake kubwa anaziachia nafasi. Wewe mwenye duka Mabatini, mwenye vipindi vya kufundisha, mwenye zamu ya usiku pale hospitali ya Bugando, unazitaka tatu kwa miezi mitatu kwa miguu ipi? Na kabla ya Simbu alikuwapo Suleiman Nyambui, mtoto wa Majita, wa ziwa hilihili mnaloliona. Alishinda marathoni ya Berlin mwaka 1987. Mwaka uliofuata akarudi Berlin, akashinda tena. Nataka watu wa kurudi. Watu wa kwenda mara moja ninao wengi.

Basi, utaratibu wa wiki hii. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi tunakutana nje ya uwanja wa Nyamagana, saa kumi na mbili na robo. Kundi la kutembea linaondoka kwanza na mimi nitakuwa nalo. Kundi la kutembea na kukimbia linafuata, na hakuna ruhusa ya kulipita la kwanza kabla ya Capri Point. Kila mtu avae kitu cheupe au kinachong'aa. Wenye maumivu ya mahali pamoja mje kwangu sasa hivi kabla hamjaondoka, nitawaangalia mmoja mmoja. Na mkiwa na jirani ambaye hakwenda Moshi ila anatamani kuanza, huu ndio wakati wa kumleta, kwa sababu wiki hizi sote tunakwenda mwendo wake.

Asanteni sana.